Mwongozo wa Kumuaga Daktari Bingwa kwa Gharama Nafuu

Kwanza, mshtuke. Tarehe ya kuzaliwa ya daktari wenu imo kwenye jalada tangu siku aliyoajiriwa, na haijawahi kubadilika hata mara moja, jambo ambalo si kila mtumishi anaweza kujivunia. Hata hivyo adabu inataka habari ya kustaafu kwake iwakute ghafla. Mtu wa masjala, akitafuta jalada la mtu mwingine kabisa, aibuke na kusema kwamba mzee anatimiza miaka 65 mwezi ujao. Katibu wa afya aseme, "Acha bwana! Hata yeye?" Mganga mfawidhi atikise kichwa, aseme siku hazigandi. Kisha iundwe kamati.

Zingatieni kwamba mtumishi wa kawaida wa serikali huondoka kwa lazima akiwa na miaka 60. Madaktari bingwa, pamoja na maprofesa na wahadhiri waandamizi, waliongezewa miaka mitano sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, kwa kuwa ni wachache na kumpata mwingine si kazi ya mwezi mmoja. Miaka mitano inatosha kabisa. Mngeweza kumpeleka kijana Muhimbili, KCMC au Bugando akasomea ubingwa, akarudi, na bado yeye na mzee wakasimama meza moja ya upasuaji kwa mwaka mzima. Msifanye hivyo. Mwongozo huu wote unategemea kutofanya hivyo.

Kamati iwe kubwa. Pawe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo, usafiri na itifaki. Grupu la WhatsApp lifunguliwe siku hiyo hiyo, liitwe KUMUAGA MZEE WETU, na katika haraka ya kuongeza namba, mtu amwongeze na mzee mwenyewe. Atakaa humo siku mbili akisoma kimya kimya mjadala wa iwapo anastahili friji au feni, mpaka muuguzi mfawidhi agundue na kumwondoa bila maelezo. Viwango vya michango vipangwe kwa cheo. Madaktari watarajali nao wachangie, ingawa posho yao ya mwezi uliopita haijatoka. Hao waandikiwe "ahadi", na orodha ya ahadi ibandikwe asubuhi na jioni ili wasisahau.

Suala la sare litachukua vikao vitatu. Kuna watakaotaka kitenge, kuna watakaotaka kanga kwa sababu za bajeti, na kuna mmoja ambaye shemeji yake anauza batiki. Vikao hivi visikatishwe. Kikao kingine, cha kuamua nani atapasua wagonjwa waliopangwa Jumatatu inayofuata, hakina soda wala posho, kwa hiyo kisiitishwe.

Kuhusu mgeni rasmi, chagueni mtu ambaye hajawahi kulazwa katika hospitali yenu na hana mpango huo. Atachelewa, na hilo ni jema, kwani wageni watapata nafasi ya kukitazama kiti cha mstaafu, kile kilichofunikwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe nyuma, na kumwona mzee akikikalia kwa saa mbili akiangalia saa yake ya mkononi. Mazoea hayamwachi: amezoea kuanza kazi saa moja na nusu.

Akifika, mgeni rasmi atakumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Idadi hiyo Mwalimu Nyerere aliitaja hadi uzeeni, na ni idadi ya kutajwa kwa heshima. Wengi wa kizazi kile walisomea Makerere, kwa sababu chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963. Mgeni rasmi asifike huko. Akishasema 12, aruke moja kwa moja hadi kwenye majengo: jengo la mama na mtoto, jengo la wagonjwa mahututi, jengo la mionzi, kila moja na thamani yake kwa mabilioni. Mtu aliyefanya kazi ndani ya majengo hayo atatajwa mwishoni, kwenye sentensi isemayo kwamba pengo lake halitazibika.

Sentensi hiyo msiikose. Hospitali ndiyo iliyokuwa na jukumu la kuliziba pengo hilo, na ilikuwa na miaka 30 na ushee ya kufanya hivyo. Ikisemwa kwenye kikao cha bodi, mtu angeulizwa maswali. Ikisemwa kwenye kipaza sauti, muziki ukiwa chini chini, watu hupiga makofi. Mzee naye atapiga. Huo ni ustaarabu wake tu.

Sasa risala. Hapa ndipo kamati nyingi zinapoharibu, maana zinampa kazi hiyo mtu aliyefanya kazi na mstaafu, naye anaanza kukumbuka. Risala iandikwe na mtumishi aliyeajiriwa mwaka juzi. Ataanza na tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, chuo kikuu, "na hatimaye akajiunga na hospitali yetu pendwa." Atasema ameoa na ana watoto wanne. Atasema mapendeleo yake ni kusali na kutazama mpira. Katikati, penye miaka yote ya kazi, ataweka maneno "amelitumikia taifa kwa uadilifu na weledi wa hali ya juu."

Nawaonyeni juu ya mambo ambayo yasipodhibitiwa yatajipenyeza. Daktari anayeondoka sasa akiwa na miaka 65 alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuta malaria ikitibiwa kwa klorokwini. Akaiona klorokwini ikichoka, mtoto anarudi wodini baada ya wiki akiwa na homa ile ile, mpaka ilipoondolewa mwaka 2001 na SP ikachukua nafasi yake. Nayo SP ikachoka, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto. Mara mbili, basi, alilazimika kuifundisha upya mikono yake kitu ilichokuwa ikiandika saa nane za usiku bila yeye kufikiri. Muulizeni ni watoto wangapi wa ile miaka ya dawa kuchoka anaowakumbuka sura. La hasha, msimuulize.

Msimuulize pia habari za UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004. Kati ya hapo na hapo ni miaka 21, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mtu wenu alikuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta kiti, kukaa karibu na kitanda na kumwambia mtu jambo ambalo hakuwa na dawa yake. Kisha anainuka, anakwenda kitanda cha pili. Wapo waliojifunza kusema vizuri na wapo walioshindwa kabisa, wakawa wakali. Mzee wenu alikuwa kundi lipi? Wauguzi wa zamani wanajua. Wengine wao watakuwepo ukumbini, wamevaa kitenge, wamekaa meza ya nyuma karibu na spika. Wasipewe kipaza sauti. Wakipewa watasema, watu watalia, ratiba itavurugika na pilau litapoa.

Na kuanzia mwaka 1993, serikali ilipoanzisha kuchangia gharama za matibabu, kati ya mgonjwa na dirisha la malipo alisimama nani? Ni daktari aliyeandika barua ya msamaha kwa yule asiyekuwa nacho, akaambiwa na uhasibu kwamba misamaha yake imezidi. Ni yeye aliyemwambia ndugu wa mgonjwa akatafute glovu na uzi mtaani, kisha, alipoona ndugu anasitasita, akatoa noti mfukoni mwake na kujifanya amekumbuka kuna moja ilibaki kwenye droo. Haya hayana risiti, na risala njema haitaji kisichokuwa na risiti.

Mwaka 2012 urukwe kabisa. Mwaka huo madaktari waligoma, Januari na tena Juni, wakidai maslahi na pia vifaa vya kufanyia kazi. Mstaafu wenu ama alikuwa mgomoni, ama alibaki wodini peke yake akifanya kazi ya watu sita. Jibu lolote kati ya hayo mawili litamkera mtu fulani aliyekaa meza kuu. Risala itoke 2011 na kutua 2013, kama mtu avukaye dimbwi bila kuloanisha viatu.

Zawadi. Kanuni ni moja: thamani ya zawadi zote ikijumlishwa iwe ndogo kuliko anachowadai. Fungueni jalada lake muone. Kuna malimbikizo ya mshahara tangu alipopandishwa cheo na mshahara ukachelewa kupanda naye. Kuna posho za zamu za miezi ambayo fungu lilikuwa limeisha. Kuna nauli ya likizo aliyoambiwa aombe tena mwaka wa fedha ujao, na mwaka wa fedha ujao ukafika, ukapita. Kuna gharama za kusafirisha mizigo kwenda kwao atakapomaliza utumishi, ambazo ni haki yake na ambazo zitamfikia akiwa ameshaisafirisha kwa fuso ya mjomba. Mkijumlisha haya mtaona kwamba friji, hata la milango miwili, ni nafuu. Tena friji linanunuliwa kwa michango ya wenzake. Fungu la hospitali halikuguswa.

Mabati yanafaa, saruji inafaa, godoro linafaa. Ngao ya kioo yenye jina lililokosewa herufi moja ni desturi. Kama mnataka kupiga picha ya magazetini, tengenezeni hundi ya kadibodi yenye urefu wa mlango, mgeni rasmi ashike upande huu na mzee upande ule, wote watabasamu. Hundi hiyo haipiti dirisha lolote la benki, lakini kwa picha haina mpinzani. Keki iwe na umbo la stethoskopu. Ndafu aletwe na majani mdomoni, akizungushwa kwa muziki, na daktari wa upasuaji akabidhiwe kisu huku mshereheshaji akitoa mzaha uleule ambao ametoa kwa kila daktari wa upasuaji aliyewahi kukata ndafu mbele yake. Wote wacheke.

Mzaha mmoja tu ukatazwe: ule wa kikokotoo cha pensheni. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa kuzaa PSSSF, na kanuni zikasema mstaafu apewe asilimia 25 kwa mkupuo. Kabla mwaka haujaisha kanuni hizo zikasitishwa. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale ambao zamani wangepata 50. Mzee huyu anaweza kumweleza daktari mtarajali usingizini jinsi maji na chumvi vinavyogawanyika mwilini, na mtarajali akaelewa. Kikokotoo amekipitia mara kadhaa kwa kalamu na karatasi, mke wake akiwa pembeni, na kila mara kinatoka tofauti.

Kabla ya kikokotoo, hata hivyo, kuna barua. Mfuko utataka barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, na barua za kupanda vyeo kwa mfuatano. Mnaweza kuwa na hakika kwamba barua ya kuthibitishwa kazini haipo. Aliyepaswa kuiandika alistaafu zamani, na pengine alifia wodi namba tatu akihudumiwa na huyu huyu anayeitafuta leo. Afisa utumishi mwema angelipitia jalada mwaka mmoja kabla, akatafuta kinachokosekana, akakipata wizarani, akakipiga muhuri, na siku ya sherehe akamkabidhi mzee bahasha ya kaki iliyokamilika. Naiandika picha hii kwa wale wanaopenda hadithi za kubuni. Bahasha ya kaki haipendezi kwenye picha, haina utepe, na hakuna mshereheshaji anayejua kuitangaza.

Mtu atasimama, lazima, apendekeze jengo lipewe jina la mzee. Asikatishwe tamaa, ashukuriwe, na pendekezo liandikwe kwenye muhtasari. Ila kwa faida ya vijana waliopo, elezeni utaratibu wa majina ya hospitali katika nchi yetu. Muhimbili kuanzia mwaka 1956 ilibeba jina la Princess Margaret wa Uingereza. Mnazi Mmoja ya Unguja iliwahi kuitwa V. I. Lenin, na Lenin alikuwa mwanasheria. Hospitali ya mkoa ya Mwanza ni Sekou Toure, rais wa Guinea. Ya Lindi ni Sokoine. Dodoma wana Benjamin Mkapa, na taasisi ya moyo pale Muhimbili ni Jakaya Kikwete. Sewa Haji ana wodi Muhimbili, na ana haki nayo, maana alikuwa mfanyabiashara na pesa zake zilijenga hospitali. Laiti wafanyabiashara wote wangeiga. Madaktari nao hawakusahaulika. Jina la marehemu Profesa Hubert Kairuki liko getini Mikocheni kwa herufi kubwa. Njia aliyotumia ilikuwa kuianzisha hospitali yenyewe. Kijana anayetaka jina lake libaki ukutani sasa ana njia kadhaa za kuchagua, na kulala zamu miaka 35 katika hospitali ya mkoa haimo.

Makabidhiano yafanywe kwa fomu. Meza moja, viti viwili, kabati la chuma, kompyuta isiyowaka, muhuri. Mzee ataweka sahihi. Kisha atatoa kwenye mkoba kauntabuku tatu au nne zenye majalada yaliyofumuka, zimeandikwa kwa mkono kila kesi ngumu aliyoipasua tangu alipofika hapo: alikuta nini tumboni, alikosea wapi, angefanyaje safari nyingine. Zimo hata habari za mashine ya usingizi ya chumba cha pili, valvu gani huvuja na ishikweje. Atauliza ampe nani. Huu ni wakati mgumu kwa kamati kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hakuna mtu. Msihangaike. Pokeeni kwa mikono miwili, semeni "asante sana Dokta, hii ni hazina," ziwekwe kwenye lile kabati la chuma, zifungwe, na ufunguo akabidhiwe ofisa anayehamishwa mwezi huohuo.

Jumatatu yake, saa tatu kasoro, mpigieni simu. Hatua hii haimo kwenye ratiba ya kamati yoyote niliyowahi kuiona, lakini hakuna hospitali inayoikosa. "Shikamoo Dokta. Samahani sana kukusumbua, najua umepumzika. Kuna mama hapa, tumemfungua, na..." Hapo simu ishushwe sauti. Mnaweza pia kumwombea mkataba. Sheria inaruhusu wastaafu kurejeshwa kwa mkataba pale wanapohitajika, na barua ya maombi mwiandike mara moja, ianze safari yake ya kupanda ngazi. Mpaka itakaporudi, mzee atakuja bure. Mnajua atakuja. Mlijua hivyo tangu kikao cha kwanza cha sare.

Atakuja na bodaboda, amevaa kandambili na fulana ya kampeni ya chandarua. Getini atamkuta kijana wa ulinzi ambaye ameanza kazi wiki hii. Kijana atamwamkia vizuri, kisha atamweleza kwamba muda wa kuona wagonjwa ni saa kumi jioni. Mzee atasema yeye ni daktari. Kijana atajibu kwa upole kwamba hata jana alikuja mmoja akasema hivyo hivyo. Kule ndani wataanza kupiga simu tena, na katibu wa kamati ataandika kwenye grupu, kwa kuwa bado halijafutwa, akiuliza nani ana namba ya mlinzi wa getini. Ujumbe utaonekana na watu 46. Wa kwanza kujibu atakuwa mweka hazina, akikumbusha kwamba mwenye turubai hajamaliziwa hela yake na kuna ahadi 11 hazijalipwa.